Makaa Niliyompa Mumbi

Wanawake wengine huibiwa waume. Mimi wangu nilimtoa mwenyewe, asubuhi kweupe, jirani wakinitazama, na juu yake nikaongeza makaa ya moto kwenye mkebe. Na nilikuwa mtu wa kidato cha pili, wakati ambapo wasichana wa Thika nzima waliofika huko ungewaketisha kwenye benchi moja la kanisa na nafasi ibaki. Sijasikia hata mmoja wao aliyefanya upumbavu wa kiasi hicho. Wale ambao hawakusoma ndio kabisa, wao wangejua.

Nayasema haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mumbi huko Ruiru, upande wa Kiuu, kwenye kipande cha shamba kilichobanwa na nyumba za kupanga hadi watu waliokuwa wakianika nguo ghorofani walitazama jeneza kutoka juu kama watazamao mpira. Wajukuu wake walikuwa wamebandika picha za zamani kwenye ubao. Katikati, kubwa kuliko zote, ilikuwa picha iliyokatwa kwenye kalenda: gari refu jeupe lenye madirisha na mapazia, mlima nyuma yake, na mlangoni amesimama Mumbi akiwa msichana, anacheka na meno yote, huku mwanamume mwenye shati jeupe kama yai lililomenywa amemshika kiuno. Kijana aliyeketi mbele yangu akamwuliza mwenzake yule jamaa ni nani. Mwenzake akasema, kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti, kwamba huyo alikuwa bwana wake wa kwanza. Nilitaka kumgonga bega kwa mkongojo. Yule jamaa alikuwa mume wangu. Hata shati nilinunua mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, hali ya hatari imeanza kulegea lakini haijaisha, na mtu wa kwetu hakuvuka daraja bila karatasi mfukoni. Mimi na Karanja tulikuwa tumeoana miaka miwili, tunakaa chumba kimoja katika majengo ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, Thika. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, meza, sanduku langu la shule, jiko la makaa nje ya mlango na kuku watatu walioamini kwamba chumba ni chao. Nilikipenda mpaka naona haya kusema. Nilijua saa jua lingegusa ukuta wa kitanda na saa lingeondoka. Mimi ni mtu wa kukaa. Wengine huzaliwa na hamu ya barabara. Mimi nikipanda treni kutoka Thika mpaka Ruiru kumtembelea Mumbi, rafiki yangu wa shule, nilirudi nimechoka kama niliyetoka Kampala, nikamwuliza Karanja kuku wamekula nini, halafu nikalala na viatu.

Basi yule mkubwa wa kiwanda, ambaye sisi sote tulimwita Bwana Sabuni, akapata wazo. Aliona kwamba wanawake wa milimani, kule Murang'a ya juu na Nyeri mpaka chini ya Nyandarua, bado wanafua kwa njia zao na hawanunui sabuni yake ya miche. Akatengeneza gari. Lilikuwa lori, lakini mgongoni lilibeba nyumba kamili: kitanda cha kukunja, kabati la vikombe, beseni lenye bomba, meza inayoshuka kutoka ukutani kwa bawaba, na ngazi ndogo ya chuma mlangoni. Karanja ndiye aliyechaguliwa dereva. Siku alipolileta majengoni watu walipanga foleni kuingia, wakatoka wanatikisa vichwa, na mzee mmoja alikataa kushuka hadi afunguliwe lile bomba mara ya pili. Mapazia nilishona mimi, kwa kitambaa cha maua ya manjano. Nilishona mapazia ya nyumba ambayo sikuwa na nia ya kulala ndani yake, na nikayashona vizuri.

Sharti la Bwana Sabuni lilikuwa moja. Alitaka mtu na mkewe. Wanawake wa vijijini, alisema, hawawezi kumsikiliza mwanamume akiwafundisha kufua, na hawatamwamini msichana asiye na bwana. Tena karatasi za kusafiri zilitoka kwa urahisi kama ni mtu na mkewe. Mume angekuja mbele ya watu na shati la matope, mke angemgombeza kidogo watu wacheke, angelifua palepale kwa ile sabuni, na mume angelivaa tena. Karanja alinibembeleza siku nyingi. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo nilijua linamtoka moyoni. "Nyambura, hii ni nyumba," akasema. "Utakuwa nyumbani kila siku." Nami nikamjibu kwamba nyumba isiyolala mahali pamoja si nyumba, ni ugonjwa. Nilijiona nimesema jambo la akili sana. Nilimweleza hata Mama Gathoni wa chumba cha pili, nikingoja acheke, naye akanitazama tu huku akimfunga mtoto mgongoni.

Kwa vile sikutaka kwenda na sikutaka Karanja akose kazi, nikatafuta mke. Niliwapitia wasichana niliowajua mmoja mmoja kama mtu anayechagua viazi. Huyu mzuri mno. Huyu ana macho ya kuzungukazunguka. Huyu mama yake ana tamaa. Mumbi nikamchagua kwa sababu alikuwa mwembamba kama mti wa kupandia maharagwe, ana miguu mikubwa, na anaongea tangu kucha mpaka kuchwa. Nilisema moyoni kwamba Karanja, anayependa kimya, atamchoka kabla hawajafika Makuyu. Mumbi wakati huo alikuwa akipima kahawa kwenye shamba moja la Ruiru na kulichukia. Nilipomwambia, alinikumbatia akaninyanyua. Karanja akampeleka kwa Bwana Sabuni, akasema huyu ndiye mke wangu, na Bwana Sabuni, ambaye hakuwa amepata kuniona, akaandika.

Asubuhi ya kuondoka ndiyo ninayoirudia. Bwana Sabuni alikuwa amewapa jiko la makaa, kwa sababu maji ya kufulia yalipaswa kuchemshwa mbele ya watu kwa moto wanaoujua, si kwa stovu ya Kizungu. Mumbi alitaka aondoke limeshawaka, wapike chai njiani, na kiberiti chake kilikuwa kimelowa. Akaja mlangoni kwangu na mkebe wa mafuta. Mimi nami, kwa moyo mwema na kichwa kitupu, nikachukua koleo, nikachagua makaa mekundu kabisa kutoka kwenye jiko langu nililompikia mume wangu, nikamtilia. Nikamwambia, "Shika, mpikie huyo mtu vizuri." Watu wakacheka. Gari likaondoka, mapazia yangu yakipepea, na Mumbi akipunga mkono dirishani mpaka wakapinda.

Mama Gathoni hakucheka. Alikuwa amenizidi miaka michache tu lakini alikuwa amelelewa na nyanya yake, na mambo ya wazee yalikuwa kwenye damu yake. Alingoja vumbi lishuke. Kisha akaniuliza kama najua nilichofanya. Nikasema nimempa mtu moto. Akasema ndiyo, umempa moto. Halafu akanifafanulia polepole, kama anayemsomea kipofu, kwamba kwa desturi zetu mke mkubwa anapomletea bwana wake mke wa pili, humchagua mwenyewe, husimama mbele ya mashahidi, na moto wa kwanza wa nyumba ile mpya hutoka kwenye meko yake. "Umechagua, umesimama, umetoa," akasema. "Bado pombe tu."

Nilicheka. Nikamwambia mimi ni Mkristo na mtu wa shule, mambo hayo yamepita. Lakini wiki hiyo mama mkwe wangu alikuja na mkungu wa ndizi, yeye ambaye kwa miaka miwili alikuwa akija mikono mitupu na kunitazama tumbo kabla ya uso. Alikuwa amesikia. Alikaa kwenye kitanda changu, akala uji wangu, akanisifu. Alisema hakujua kwamba wanawake wa siku hizi bado wana busara. Kwamba mwanamke ambaye hajapata mtoto na anamfungulia mwenzake mlango, Mungu humkumbuka yeye pia. Nilijaribu kumweleza habari ya sabuni. Akanipapasa goti. Alipoondoka nilitoka nje nikalitazama jiko langu kama mbwa aliyeniuma.

Tangu hapo wivu ukawa kazi yangu, na niliifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kuajiriwa. Wao walirudi kila baada ya wiki mbili hivi, Jumamosi mchana, gari jekundu kwa udongo mpaka madirishani. Walishuka wakinukia moshi na ukungu. Walileta viazi vya Nyandarua, nduma, kabeji kubwa kama mto wa kulalia, na kicheko. Kicheko ndicho kilichoniumiza. Karanja wangu, yule wa maneno machache, alirudi anaongea. Nilipika, wakala kwenye meza yangu, magoti yao yakigongana kwa sababu meza ilikuwa ya watu wawili, mimi nikiwa nimekalia sanduku, na kazi yangu ilikuwa kuongeza mchuzi. Walikuwa wamezipa kona za barabara majina, kama watu wanavyowapa watoto. Kulikuwa na Kona ya Kofia, Kona ya Mama Mkali, Kona ya Samahani. Mmoja akisema "Kona ya Samahani", mwingine aliweka kijiko chini. Siku moja nilitoka kuchukua chai nikasikia kutoka mlangoni Karanja akicheka mpaka anakohoa, kicheko ambacho mimi sikuwa nimekitoa kwake hata siku ya harusi. Niliposimama pale na sufuria wakanieleza yote, kwa upendo, kuanzia mwanzo. Kicheko cha kuelezewa ni kama chai iliyopashwa. Nilikunywa.

Mashati yake yalirudi meupe. Hilo nalo. Yalirudi meupe kuliko nilivyowahi kuyafua, na sikuweza kulalamika, kwa sababu ndiyo kazi waliyolipwa. Nilikuwa na mume ambaye nguo zake zinafuliwa na mwanamke mwingine mbele ya vijiji vizima, na vijiji vinapiga makofi. Kisha ikatoka ile kalenda. Bwana Sabuni alizigawa bure madukani, na nikienda kununua chumvi, yuko pale juu ya mizani, mume wangu, amemshika Mumbi kiuno. Nikienda kununua uzi, yuko pale. Mhindi wa duka la vitambaa, ambaye alijua Karanja hutoka kwetu, aliniuliza kwa heshima kama mimi ni dada yake. Nikasema ndiyo. Sijui hata leo kwa nini nilisema ndiyo. Nadhani nilikuwa nimechoka kueleza.

Mama Gathoni alikuwa na dawa moja tu: nenda ukaone. Alisema mtu hawezi kulinda shamba kwa kuliota. Basi siku moja, nikiwa na hofu ya safari iliyoshindwa nguvu na wivu kidogo tu, nikafunga kanga mbili na chupa ya uji, nikamwachia yeye kuku, nikapanda. Karanja alifurahi mpaka akaniaibisha. Mumbi akanipisha kiti cha mbele, akasimama nyuma yetu akichungulia kama kuku wa tatu. Mpaka tunafika Murang'a nilikuwa nimetapika uji wote na sehemu ya chai ya jana. Barabara ilipanda ikijipindapinda, udongo mwekundu umelowa, upande mmoja mlima na upande mwingine hakuna kitu kabisa, na nilipofumba macho nilisikia wakiamkia kona moja moja, hii ya Kofia, hii ya Mama Mkali, kwa sauti ya chini kwa ajili yangu, kama watu wanaopita karibu na mgonjwa. Mara moja tulikwama. Mumbi alishuka kabla gari halijasimama vizuri, akatia mawe nyuma ya gurudumu, akapiga ubavu wa gari kwa kiganja mara mbili, na Karanja akaelewa. Hakuna neno lililosemwa. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha pili na sikujua ile lugha.

Kijiji tulichofika kilikuwa karibu na msitu, nyumba zimepangwa kwa mistari jinsi serikali ilivyozipanga miaka ile, na ukungu umeshuka mpaka huwezi kuona mwisho wa mstari. Wanawake walikuja wamejifunika, wengi, na watoto. Mimi nilikaa kando ya ngazi ya gari, kwenye debe. Bibi mmoja mwenye tumbaku puani aliketi karibu nami akaniuliza mimi ni nani kwa wale wawili. Ningesema nini? Nikamwambia mimi ndiye niliyeshona mapazia. Akayatazama, akasema yameshonwa vizuri.

Maonyesho yakaanza. Karanja akaja kutoka nyuma ya gari ameinamisha kichwa, shati limejaa matope, na Mumbi akasimama mikono kiunoni akamwuliza kama alilala na nguruwe, na je, nguruwe mwenyewe aliamkaje. Kijiji kikacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia. Kisha akalifua. Alilisugua kola, akaliinua watu waone, akalisuuza maji ya kwanza na ya pili, akisema wakati wote bei na faida. Sasa ilibaki Karanja alivae. Siku ya jua hulianika kwenye kamba ya gari na likakauka huku wanaimba. Siku ile hakukuwa na jua. Alisimama pale kifua wazi kwenye ukungu, ametabasamu kwa ajili ya kampuni, meno yakigongana. Mumbi akaingia ndani na lile shati lililolowa, na kwa sababu nilikuwa nimekaa upande wa mlango, mimi peke yangu niliona. Alichuchumaa mbele ya jiko. Alilishika shati juu ya makaa kwa mikono miwili, akaligeuza mbele na nyuma kama mtu anayechoma mahindi, bila haraka, huku nje amewaanzishia watu wimbo ili wasichoke. Akalishika kwapa moja, akaligusisha shavuni kwake aone kama limepata joto. Kisha akatoka, akamvalisha, na mabega ya Karanja yakashuka. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya weupe. Ule ujotojoto hakuna aliyeujua ila watu watatu, na mmoja hakualikwa.

Usiku nililala na Mumbi kwenye kile kitanda cha kukunja, na Karanja mbele kwenye kiti cha dereva, kama alivyokuwa ameniambia siku zote kwamba hulala. Asubuhi nilitoka nikamwona bado amelala, amejikunja, miguu ameiingiza kwenye gunia, kioo mbele yake kimegandwa na ukungu. Alikuwa hajaniongopea hata neno moja. Na hilo, msomaji, ndilo lililonimaliza. Ningekuta mto mmoja ningekuwa na la kupigia kelele, na Thika nzima ingekuja kunisaidia. Sasa ningelia kwa nini? Kwamba wamepasha shati moto? Mumbi alinipa kikombe cha chai yenye maziwa mengi, akaniambia kwa furaha, akidhani atanifurahisha, kwamba ule moto nilioutoa Thika hawajauzima hata siku moja. Usiku huufukia kwenye majivu ndani ya ule mkebe, alfajiri huupuliza. "Kiberiti hatujawasha," akasema. "Tunakula moto wako tu, Nyambura." Chai ilikuwa nzuri. Ilipita kooni kama msumari.

Niliporudi sikumwambia Karanja kitu. Nilivaa nguo yangu ya kanisani, nikaenda ofisini kwa Bwana Sabuni, nikangoja mpaka akaniita, nikamwambia kwamba mke wa Karanja ni mimi. Alinitazama. Akaitazama kalenda ukutani kwake. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake kile, "Bibi ya Karanja iko moja ama iko mbili?" Nikasema moja, na ni huyu aliyesimama hapa, na tulifunga ndoa kanisani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, hata kwa Karanja kufukuzwa, nikisema moyoni kwamba afadhali mume asiye na kazi nyumbani kuliko mwenye kazi mlimani. Lakini Bwana Sabuni alicheka mpaka akavua miwani. Kwake yeye jambo lilikuwa rahisi. "Basi Jumatatu wewe napanda gari," akasema. "Ile ingine narudi kwao." Akarudi kwenye karatasi zake. Nilishinda kesi kwa muda mfupi kuliko kukaanga yai, nikatoka pale nimenyoosha shingo.

Karanja alipopata habari hakugomba. Alikaa kitandani, akanitazama, akauliza tu, "Utakuja kweli?" Nikasema nitakuja. Nilikuwa na maana hiyo. Nilipakia kanga zangu, nikamwahidi Mama Gathoni kuku.

Jumatatu gari likaletwa mpaka mlangoni kwangu. Mumbi alikuwa amelisafisha kutoka juu mpaka magurudumu. Mapazia yangu alikuwa ameyafua na kuyapiga pasi. Alishuka na sanduku lake kichwani na ule mkebe mkononi, akaniwekea mkebe miguuni, na ndani makaa yalikuwa hai chini ya majivu. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimeandaa majibu. Jirani wote walikuwa nje, wengine wanajifanya wanafagia. Mumbi akasema kwa sauti ndogo, isiyofika kwa wenye mifagio, "Ungeniambia tu, Nyambura. Ningemwacha asikie baridi." Kisha akashika njia ya stesheni, na ile miguu yake mikubwa, hakugeuka.

Nikabaki mimi na ngazi. Zilikuwa hatua tatu za chuma. Karanja alikuwa kwenye usukani, injini inanguruma, ameweka kiganja kwenye kile kiti kando yake kama anayenishikia nafasi. Niliona ndani: kitanda kimetandikwa, vikombe vimening'inia kwenye vikulabu, mahali pangu pameandaliwa na mwanamke niliyemwondoa. Niliinua mguu. Nikazikumbuka zile kona, na ule upande ambao hakuna kitu. Nikageuka nikatazama chumba changu, jua ndiyo kwanza linagusa ukuta wa kitanda, na kuku, ambao sikuwa nimewakabidhi rasmi, wanatoka mlangoni. Nikashusha mguu. Nilisikia mdomo wangu ukimwambia Karanja kwamba siwezi kuondoka sasa hivi, nimeinjika maharagwe. Hakukuwa na maharagwe. Yeye aliona jiko tupu na mimi niliona kwamba ameona. Aliiacha injini ingurume kitambo. Kisha akaizima, akaiwasha tena, na akalirudisha gari kiwandani polepole kama anayepeleka maiti.

Gari walipewa mtu na mkewe kutoka Kiambu. Karanja alipewa lori la kubeba mapipa ya mafuta kutoka stesheni hadi kiwandani, safari yenye kona moja, na kona ile hakuipa jina maisha yake yote. Alikuwa mume mwema. Watoto walikuja baadaye, wanne, na mama mkwe akawahesabu wote kuwa baraka za lile jiko. Jioni alikuja nyumbani saa ileile, akala, akanyamaza, na asubuhi za mbingu safi nilimkuta nje na kikombe chake akiutazama Mlima Kenya unaojitokeza mbali kama jino. Niliuonea wivu mlima. Mumbi alirudi kwenye mizani ya kahawa, akaolewa Ruiru, akazaa, akafungua duka. Tulipohamia Ruiru sisi pia, na Mama Gathoni akanunua ploti iliyopakana na yetu, Mumbi alikuja kunisalimu na kilo ya sukari. Tuliishi vizuri. Alikaa mezani kwangu mara nyingi, Karanja upande wa pili, wakaulizana habari za mvua na karo za shule. Kwa miaka yote hiyo, hata siku ya mazishi ya Karanja, hakuna aliyetaja kona yoyote mbele yangu. Walininyima hata chai ya kupashwa. Na ningeinywa, kwa kweli ningeinywa yote.

Basi mwezi uliopita, pale Kiuu, tulipokuwa tumemaliza kutupa udongo, tumekaa chini ya hema na sahani za wali, ndipo nilipoanza kulia. Sikulia kistaarabu. Nililia na kamasi, mpaka wajukuu wa Mumbi wakaniletea maji, wakinyenyekea, wakidhani mimi ni ndugu wa damu. Nilikuwa nikiutazama ule ubao. Jua la mchana lilikuwa limeangukia picha, na nilikuwa nikijaribu kuona kama shati la Karanja siku ile ya kalenda lilikuwa limepashwa. Mama Gathoni, ambaye sasa hasikii vizuri na kwa hiyo husema kwa nguvu, aliniacha nilie kiasi alichoona kinatosha. Akamaliza nyama yake. Akafuta vidole kwa leso, akanigeukia, na hema zima likamsikia:

"Wewe Nyambura, nyumba nzima ilikuja na kitanda chake kukuchukua mlangoni, mara mbili, ukasema unakaa nyumbani. Sasa unalilia nini? Kula wali."